Kikombe cha mgonjwa wa TB hakina kosa

Wiki hii tena. Binti kamleta mama yake kuchukua dawa, ananieleza walivyojipanga nyumbani: mama ana sahani yake, kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu, vyombo vyake vinachemshwa peke yake. Nikauliza analala wapi. "Na wajukuu, dirisha tunafunga asipigwe na baridi." Nikamwambia wajukuu wote waje wapimwe, na dirisha lifunguliwe leo hii.

TB ya mapafu haipiti kwenye kikombe. Mgonjwa akikohoa, akiimba, hata akiongea tu, anatoa vitone vya kila saizi. Vikubwa vinaanguka karibu. Vidogo vinakauka vikiwa bado hewani, kinabaki kichembe chepesi chenye bakteria, na hicho huelea saa kadhaa hata mgonjwa akishatoka chumbani. Kichembe hicho ndicho kinachofika kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu, na huko ndiko bakteria huyu anakoanzia kazi. Aliyenata kwenye ukingo wa kikombe hana namna ya kurudi hewani. (Maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB ni habari nyingine. Chemsheni.)

Hili si jambo la juzi. Miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, mtafiti Richard Riley na wenzake waliweka simbilisi juu ya wodi ya TB, wakawapelekea hewa ya wodini kwa bomba. Wanyama hao hawakugusa mgonjwa wala sahani yake, na bado waliambukizwa. Baadaye kundi jingine likapewa hewa ileile baada ya kupitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno, inayoua bakteria: likasalimika.

Kinachoniudhi zaidi ni ule mstari wa mikroni 5 (sehemu 5 za elfu za milimita) tuliokaririshwa chuoni: kitone kikizidi hapo ni tone la kuanguka, kikiwa chini ya hapo ni cha kuelea hewani. Hewa haijui mstari huo. Kitone kikubwa kuliko hapo kinaweza kuelea vizuri tu, inategemea joto, unyevu na upepo wa chumba. Kwa mstari huo, Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haisambai kwa hewa, watu wakapima mita moja na kukaa kutwa kwenye vyumba vilivyofungwa. Hadi 2024 ndipo shirika hilo lilipotoa istilahi mpya zisizogawa matone na hewa kwa kipimo hicho. Ukikaa muda wa saa nane chumba kimoja kisichopitisha hewa, mita moja haikusaidii kitu.

Kwa hiyo madirisha, tena ya pande mbili zinazotazamana. Huko Lima, Peru, utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta wodi za kizamani, zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zinabadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vinavyoingiziwa hewa kwa mashine. Na barakoa avae mgonjwa kwanza.

Zile wiki 2 za dawa, ambazo baada yake tunasema mgonjwa haambukizi, mimi huzitaja kwa kusita. Dawa ikimkubali, maambukizi hushuka ndani ya siku chache tu. Mwenye TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida, aliyeanzishiwa dawa zisizomfaa anaweza kuambukiza kwa miezi, huku kadi yake ikionyesha wiki 2 zilishapita. Ndiyo maana nasubiri majibu ya kipimo cha usugu kabla sijamruhusu kurudi darasani au kiwandani.