Baba hakusafiri: maswali ya wazazi kuhusu watoto waliofiwa

Maswali haya nimeulizwa na akina mama, mashangazi na mabibi wa hapa Mombasa katika kazi yangu ya ushauri nasaha. Mengine niliulizwa papo hapo matangani, mikeka ikiwa bado imetandikwa. La kwanza nalijibu kwa urefu, kwa sababu ndilo linalozaa mengi ya yale mengine.

Mwanangu ana miaka 5 na babake amefariki. Si afadhali nimwambie amesafiri, mpaka akue?

La, dadangu. Najua ni huruma inayokusemesha hivyo, lakini mtoto wa Mombasa anajua safari ni nini. Ami yake yuko Doha, jirani yuko melini, mamake rafiki yake yuko Saudia. Aliyesafiri hupiga simu, hutuma pesa, na siku moja hushuka kwenye tuktuk na sanduku la zawadi.

Nilimwona msichana wa miaka 6 wa upande wa Likoni (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane). Aliambiwa baba kasafiri. Miezi minane baadaye jirani yao akarudi kutoka Ghuba na mwanasesere wa bintiye. Yule mtoto alikaa kibarazani jioni nzima, hakugusa chakula. Usiku akamuuliza mamake, "Baba mbona hata simu hapigi? Bado amenikasirikia?" Kumbe asubuhi ya mwisho alikataa kumpa babake mkono wa kwaheri kwa sababu alinyimwa shilingi kumi. Miezi minane alikuwa amebeba hatia hiyo peke yake, na hakuna aliyejua.

Tazama na maneno yetu mengine ya adabu. "Ametutoka": katoka kwenda wapi? "Ameaga dunia": mbona mimi hakuniaga? "Tumempoteza": basi tukamtafute. "Amelala usingizi wa milele": na mimi nikilala leo? Sisi watu wazima tunaelewa yanayofichwa na maneno hayo. Mtoto mdogo huyachukua kama yalivyo, na wapo wanaoanza kuogopa kitanda siku hiyo hiyo.

Mketishe, umshike, umwambie kwa maneno mafupi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, haoni njaa, hasikii maumivu, na hatarudi. Si wewe uliyesababisha. Mimi nipo, na nitakutunza." Neno "amekufa" ni zito mdomoni, najua. Lakini ndilo asiloweza kulielewa visivyo.

Imani yenu msiiache nje. Mwambie kwamba roho ya baba imerudi kwa Mola wake, lakini aelewe kwanza yaliyoupata mwili. Ninachokuomba usiseme ni kwamba Mungu alimpenda baba zaidi ndiyo akamchukua. Nimekutana na mtoto aliyeacha kusali kwa kuogopa kupendwa.

Atauliza mara moja yaishe?

Atauliza mara ishirini, tena kwa maneno yale yale. Chini ya miaka 5 hivi, kifo kwake ni kama usingizi au safari, kitu cha kurudi. Kati ya miaka 5 na 9 huanza kujua kwamba aliyekufa harudi, ila wengi bado hudhani kifo ni cha wazee au cha watu wengine. Kuanzia miaka 9 au 10 hufahamu kwamba kila mtu atakufa, yeye mwenyewe akiwemo, na hapo hofu hugeuka: "Na wewe mama ukifa?" Usimwapie kwamba hutakufa. Mwambie unatarajia kuishi naye miaka mingi, kisha umtajie kwa jina nani atamlea ikiwa jambo litatokea. Hilo la pili ndilo analolitafuta.

Apelekwe mazishini?

Akitaka, na kama taratibu za dini yenu zinaruhusu, ndiyo. Asilazimishwe, wala asifungiwe kwa jirani bila kuelezwa. Kwa Waislamu maziko ni ya haraka, na mara nyingi mtoto hutoka shule akakuta jeneza limeshaenda. Kwa wengine maiti husafirishwa bara na watoto huachwa mjini na mitihani yao. Hali zote mbili humwacha na pengo: babake alikuwepo, sasa hayupo, na hakuona chochote katikati. Mweleze atakachokiona kabla hajakiona: watu watalia, mwili utakuwa umefunikwa, utatiwa ardhini, na hausikii kitu. Mpe mtu mmoja, ami au shangazi asiyelemewa sana, wa kumshika mkono na kumtoa akichoka. Asiyewahi apelekwe baadaye kaburini, au aachiwe nafasi kwenye hitma au ibada ya kumbukumbu.

Mama akikaa eda, mtoto naye aelezwe. Miezi 4 na siku 10 ni mingi kwake, na mama asiyetoka nyumbani huenda akamdhania mgonjwa anayesubiri kufa. Wekeni alama kwenye kalenda.

Amelia dakika mbili, kisha akakimbilia mpira. Hana uchungu?

Anao. Mtoto huingia katika huzuni na kutoka, kama anayejaribu maji ya bahari kwa miguu. Mchezo ndio pumzi yake. Msimkemee mbele ya wageni.

Ameanza kukojoa kitandani, na kila asubuhi tumbo linamuuma.

Kurudi nyuma kitabia ni kawaida kwa mtoto mwenye msiba: kukojoa, kunyonya kidole, kukuganda ukienda hata msalani. Usimchape wala kumtangaza kwa nduguze. Mrudishie ratiba ya kila siku, kwa saa zile zile: chai, shule, chuo (madrasa), kuoga, kulala. Lakini mpeleke pia kliniki apimwe. Huzuni haizuii malaria wala maambukizi ya mkojo, na nimeona homa ikiitwa msiba hadi mtoto akalazwa.

Kijana wangu wa miaka 12 hajalia hata tone. Wazee wanamsifu.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Siku ya tatu ya matanga mzee humshika bega: "Jikaze, sasa wewe ndiwe baba wa nyumba hii." Mzee ana nia njema, lakini huo ni mzigo ambao hata mtu mzima unamlemea. Mwambie waziwazi kwamba yeye bado ni mtoto na kodi ya nyumba si kazi yake. Na wewe usijifiche chooni kulia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Kijana akikuona unalia kisha unanawa uso na kupika, anajifunza kwamba machozi hayaui. Wengi huzungumza mikono ikiwa kazini, mkikuna nazi au mkiosha baiskeli, kuliko wakiketishwa na kuhojiwa. Angalia pia marafiki wapya na muguka, ile miraa ya majani.

Kwetu hakuna aliyekufa. Mamake ameenda kazi Saudia, na sisi wazazi tumeachana.

Mtoto anaomboleza hata hivyo. Talaka, kuhamia kwa bibi na kubadilishwa shule zote ni hasara kwake, na hapo pia hujiuliza kosa lake ni lipi. Mwambieni kabla ya siku yenyewe, si alfajiri ya ndege. Simu za mama ziwe za siku maalumu, na msimwahidi tarehe ya kurudi msiyo na uhakika nayo. Mwachieni leso moja ya mama, isiyofuliwa.

Nitajuaje kwamba imezidi?

Shirika la Afya Duniani linautambua uombolezaji uliorefuka kuwa ni maradhi pale uchungu mkali unapoendelea zaidi ya miezi 6 na kuvuruga maisha. Kwa mtoto, hiyo ni kukataa shule, kuacha kula au kulala, kujitenga na wenzake, au kujiumiza. Usisubiri miezi hiyo itimie ikiwa hali ni mbaya.

Akisema "nataka kumfuata baba", muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu karibu naye, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya watoto ni 116, bila malipo, usiku na mchana. Ile ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nayo ni bure. Mwambieni pia mwalimu wa darasa na ustadhi wa chuo, maana mtoto aliyefiwa hupigwa kwa kutosikiliza.

Miaka mitatu imepita, na sasa anaanza kuuliza upya.

Mjibu upya, kwa kadiri ya umri wake. Yule msichana wa Likoni ana miaka 9 sasa. Juzi, mamake akikanda unga wa mahamri, alimuuliza baba alikufa kwa ugonjwa gani. Mama akamjibu, "Moyo", mikono ikiwa bado ndani ya unga, kisha akamweleza moyo hufanya kazi gani na wa baba ulifanya nini usiku ule. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulimuuma?" Mama akasema, "Kidogo, na nilikuwa nimemshika." Mtoto akavuta kigoda, akaanza kukata madonge.