Betri ya gari si betri ya sola

"Betri ni betri, mradi iwe N70." Ndivyo wasemavyo wengi wanapofunga sola wenyewe nyumbani, N70 ikiwa ni saizi ya betri za magari. Sivyo. Betri ya gari ina sahani nyingi nyembamba za risasi, zilizoundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha alteneta huirudishia chaji palepale. Ukiimaliza kila usiku kwa taa na televisheni, sahani hulika na kushika salfa, na betri hufa mapema mno.

Tafuta ya sahani nene, ile mafundi huiita dipu saiko. Hata hiyo usiishushe chini ya nusu ya chaji: ya Ah (ampea-saa) 100, volti 12, ni Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi, lakini 600 tu za kutumia. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, ila kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri, lazima iwe na mpangilio wa lithiamu.

Sasa hesabu. Taa 4 za wati 7 kwa saa 5 ni Wh 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4, Wh 160. Simu 3, kama Wh 45. Jumla 345, ongeza thuluthi ya upotevu, 460. Kwa saa 5 za jua kali paneli ya wati 100 itabanana, chukua 150 kwa ajili ya masika. Kontrola: wati 150 gawanya kwa volti 12 ni ampea 12.5, ongeza robo, nunua ya 20.

Kwenye kontrola, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Ikiwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina kinga kikipiga shoti.