"Alikubali mwenyewe": ridhaa ambayo sheria haiitambui

Ukikaa kwenye meza ya msaada wa kisheria, kauli hii huchelewi kuisikia: "Lakini alikubali mwenyewe, muulizeni." Huisema mjomba wa kijana aliyekamatwa kwa tuhuma za kubaka, wakati mwingine mama wa binti, na kuna siku huisema binti mwenyewe huku ameinamisha kichwa. Wote huamini kwamba neno hilo likishatamkwa, jalada linafungwa. Kwa sheria za Tanzania Bara, mara nyingi halifungwi.

Kosa la kubaka limeelezwa katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama kilivyoandikwa upya na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ile ambayo mawakili na polisi huiita SOSPA. Kisome taratibu. Mwanamke aliyekataa ametajwa mwanzoni tu. Sehemu kubwa iliyobaki inamhusu mwanamke aliyekubali, na inataja mazingira ambayo kukubali kwake hakuhesabiki.

Kesi nyingi zaidi zinahusu umri. Msichana akiwa chini ya miaka 18, ridhaa yake haina nafasi kabisa. Walikuwa wapenzi, alikwenda gheto kwa miguu yake, meseji zake za mapenzi bado zipo kwenye simu: yote hayo si utetezi. Mtu mzima akitiwa hatiani, adhabu huanzia miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kifungu kilimwachia upenyo mume aliyeoa binti wa miaka 15 au zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu ndoa hiyo. Lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, zilisema vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo ya ndoa vinakinzana na Katiba. Na kama binti ni mwanafunzi wa msingi au sekondari, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yamefanya kumuoa au kumpa mimba kuwa kosa la miaka 30. Wazazi kupokea mahari hakusaidii kitu.

Halafu kuna hofu. Ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, au mwanamke akiwa amefungiwa mahali isivyo halali, si ridhaa. Mchukulie dada wa kazi ambaye geti limefungwa na funguo anazo mwenye nyumba: "ndiyo" yake ina thamani gani? Hapo ndipo watu huuliza mbona hakupiga kelele, mbona hana hata mchubuko. Swali hilo linanichosha, maana kifungu hichohicho kimeshalijibu: alama za kupambana mwilini si lazima ili kuthibitisha kwamba hakuridhia.

Vivyo hivyo kwa mwenye maradhi ya akili, na kwa aliyeleweshwa kwa kitu alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine. Mtuhumiwa anaweza kudai walikuwa wameshakubaliana kabla ya kinywaji, ila hilo lazima lithibitishwe. Yupo pia anayejifanya mume wa mwanamke gizani. Wanafunzi wa sheria hucheka wakifika hapo, lakini kifungu kipo na kinafanya kazi.

Sheria haikuwasahau wenye mamlaka: maofisa wanaotumia vibaya vyeo vyao, wahudumu wa hospitali, viongozi wa dini, na waganga wa kienyeji kwa wateja wao. Yule anayemwambia mama anayetafuta mtoto kwamba dawa haifanyi kazi mpaka alale naye, ajue kazi yake imetajwa waziwazi humo.

Nje ya kujamiiana, ridhaa hugonga ukuta mapema zaidi. Anayemuua mwenzake au kumtia kilema hawezi kujitetea kwamba mwenyewe aliomba. Na katika usafirishaji haramu wa binadamu, unaokatazwa na sheria ya mwaka 2008, wakala aliyemdanganya binti kuhusu kazi na mshahara huko Oman, kisha akamwingiza kwenye unyonyaji, hajiokoi kwa kusema binti alipanda ndege akitabasamu.

Sasa jambo ambalo familia hulikosea. Kwa mtu mzima, mahakama huhitaji ushahidi wa mambo mawili: kwamba aliingiliwa, hata kama ni kidogo tu, na kwamba hakuridhia. Kwa mtoto, la ridhaa linaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na umri. Umri huo lazima uthibitishwe, na nimeona kesi zikianguka hapo huku kila mtu kijijini akijua binti ana miaka mingapi. Mzazi, ndugu, daktari au binti mwenyewe anaweza kuueleza mahakamani, lakini lazima autamke akiwa kizimbani. Kwa hiyo siku mnakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, bebeni na cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, tafuteni kadi ya kliniki.