Je, wajua kwa nini shule ya muziki inaweza kujaa vyombo na bado ikafa?

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kuna kashule kadogo ka muziki hapa Mwanza, upande wa Kirumba, wanatumia ukumbi wa kuazima Jumamosi na siku mbili za jioni, mimi huwa naenda kuwasaidia mambo ya mahesabu. Siku moja kikaja kinanda cha msaada kutoka Marekani, kimefungwa vizuri kwenye boksi, watoto wamekaa sakafuni wameshika magoti wanasubiri kifunguliwe. Mwalimu akakitoa, akapangusa vumbi, akachomeka kwenye umeme. Ikasikika tap! halafu ile harufu ya waya kuungua, mnaijua, na moshi kidogo ukatoka nyuma karibu na pale pa kuchomekea. Watoto wote kimya. Kumbe umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230, na kile kinanda hakikutengenezwa kula umeme wa huku. Aliyekituma alituma kwa moyo safi kabisa, na nauli ya kukifikisha huku inawezekana ilimgharimu kuliko kinanda chenyewe.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, na watu wananiuliza pia, hivi mtu akitaka kusaidia shule ya muziki atoe nini? Maana wengi wetu tukisikia shule ya muziki tunawaza gitaa, ngoma, vinanda, basi tunakusanya vyombo. Ila shule nyingi za namna hii hazifi kwa kukosa vyombo. Zinakufa kwa kukosa hela ndogo ndogo za kila mwezi, hilo ndilo jibu lenyewe, na ngoja nieleze kwa nini iko hivyo kwa sababu kuna mambo hapa hata mimi nilikuwa siyajui.

Chombo cha muziki kinakula. Gitaa lina nyuzi sita, na likipigwa na watoto kumi na wawili kwa kupokezana, mikono ina jasho, ukumbi una joto, nyuzi zinachakaa upesi na ule wa kwanza mwembamba ndio unakatika kila mara. Vayolini ina nyuzi nne na upinde wake unataka kupakwa utomvu maalumu, la sivyo unateleza tu hautoi sauti. Klarineti inapigwa kwa kipande chembamba cha mwanzi kinachobanwa mdomoni, hicho kikitumika sana kinalegea ndani ya wiki chache, kinatupwa, unaweka kingine. Piano ndiyo usiseme, ndani ina nyuzi kama 230 na ukijumlisha nguvu zinazovutana mle ndani ni zaidi ya tani 15, kwa hiyo lazima ityuniwe, yaani nyuzi zikazwe upya sauti zikae sawa, angalau mara mbili kwa mwaka hata kama haipigwi. Na mbao inanywa unyevu. Masika ikianza hapa ziwani mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, na kila ikivimba na kusinyaa sauti inahama. Mtu akikupa piano ya bure bila kukuachia hela ya fundi amekupa mzigo, nasema hivyo kwa heshima zote.

Hapohapo kwenye klarineti kuna kitu kinanigusa sana. Ule mwili wake mweusi unaong'aa, klarineti nyingi nzuri duniani zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo mwingi unatoka kusini kwetu huku, Kilwa, Lindi na kuendelea hadi Msumbiji. Yaani mti unakatwa Kilwa, unaenda Ulaya kuchongwa, halafu miaka ishirini baadaye unarudi Mwanza kwenye boksi la msaada, na mtoto anayeupokea hajui kwamba ameshika mti wa nchi yake. Sisi pale tunawaambia. Wanaugusa upya.

Na watoto wa huku wana ujanja wao, msidhani wamekaa tu wanasubiri maboksi. Nani aliyekulia kando ya ziwa ambaye hajawahi kuona gitaa la galoni la mafuta lenye nyuzi za nailoni ya kuvulia samaki? Sasa je, wajua kwamba lile wazo liko karibu sana na gitaa la kweli? Zamani nyuzi za gitaa zilikuwa za utumbo wa mnyama, ni kwenye miaka ya 1940, wakati wa vita kuu ya pili, utumbo ulipokuwa adimu ndipo wakaanza kutumia nailoni, na ni nailoni ya aina ileile ya uzi wa kuvulia. Tumejaribu, tulinunua uzi pale soko la samaki la Mwaloni tukafunga kwenye gitaa la nailoni, nyuzi tatu nyembamba zikakubali vizuri tu. Tatu nene zikagoma, kwa sababu zile za sauti nzito zinatakiwa zizungushiwe waya mwembamba wa shaba juu yake, bila huo waya zinatoa sauti iliyolala. Kwa hiyo nusu ya tatizo inamalizwa na soko la samaki, nusu nyingine inataka hela.

Ila gharama kubwa kuliko zote ni mwalimu. Na hapa ndipo penye kidonda. Mtu anayetoa msaada anapenda kutoa kitu kinachoonekana, anakabidhi gitaa, picha inapigwa, kila mtu anafurahi, lakini mshahara wa mwalimu haupigwi picha. Matokeo yake mwalimu anaishi kwa kupiga kwenye harusi na hotelini, na harusi ni lini? Jumamosi. Siku ileile ya darasa. Akipata shughuli anaenda, ana familia, huwezi kumlaumu, sasa akikosekana Jumamosi ya kwanza watoto wanacheza wenyewe, ya pili wanakuja nusu, ya tatu mzazi anamwambia mtoto kaa nyumbani usaidie dukani. Vyombo vyote vipo, vimefunikwa shuka, na shule imeshakufa.

Hili si geni, na si la kwetu peke yetu. Lile neno ambalo Wazungu wanaita shule kubwa ya muziki, konsevatori, asili yake ni Italia na maana yake ni mahali pa kuhifadhi. Kuhifadhi nini? Watoto yatima! Kule Napoli miaka ya 1500 zilikuwa nyumba za kulelea yatima, wakaanza kuwafundisha muziki ili wapate riziki, ndiyo jina likabaki kwenye shule za muziki mpaka leo. Na Venice kulikuwa na nyumba iitwayo Pietà iliyolea watoto wa kike walioachwa, Vivaldi, yule mtunzi maarufu, alianza kufundisha pale mwaka 1703. Wale wasichana wakawa wanapiga muziki mzuri kiasi kwamba wageni walikuwa wanatoka mbali kuja kuwasikiliza, na wakija wanatoa sadaka, na sadaka inaendesha nyumba. Kwa hiyo tangu mwanzo shule ya muziki na sadaka ni ndugu.

Baadaye wenye uwezo mkubwa wakafanya kingine. Mwaka 1924 mama mmoja wa Marekani, Mary Louise Curtis Bok, alianzisha shule ya muziki Philadelphia, akaiwekea mtaji wa dola milioni 12.5, na tangu 1928 hakuna mwanafunzi anayelipa ada pale. Karibu miaka mia! Siri ni kwamba ule mtaji hauliwi, unawekezwa, kinacholiwa ni faida yake. Sisi hilo jambo tunalijua kwa jina la wakfu, mzee anaacha shamba la minazi kwa ajili ya msikiti, shamba haliuzwi ila kila nazi zikiangushwa msikiti unapata mafuta ya taa na mkeka. Shule ya muziki nayo inaweza kuwekewa wakfu, si lazima iwe mamilioni ya dola. Fremu moja ya duka pale Buzuruga inayolipiwa kodi kila mwezi, mtu akiiandika kwa shule, inaweza kumlipa mwalimu mpaka wajukuu.

Tukikosa hayo tunabaki kutegemea wafadhili wa nje, na hilo tumeliona Zanzibar. Kile chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale Mji Mkongwe kufundisha taarabu, ngoma na mengine, kilikuwa kinaendeshwa sana na hela za wafadhili na balozi, zilipopungua mwaka 2019 kikajikuta kinaomba msaada hadharani kisifungwe, maana wanafunzi wengi ada ilikuwa inawashinda. Chuo chenye sifa dunia nzima! Kama kile kiliyumba, kashule ka Kirumba ni nani?

Halafu huku Usukumani watu walifunzwa ngoma bila ada kwa muda mrefu sana. Ukienda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada, utaona habari za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya wacheza ngoma vinavyoshindana mpaka leo kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita. Kijana alikuwa anaingia kwenye chama anajifunza humohumo. Na bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ilikwenda na kilimo, kundi linaitwa kulima shamba la mtu, wanalima kwa mdundo, mwenye shamba anawalisha na kuwalipa. Ngoma ilikuwa na jamii nyuma yake inayoibeba, hiyo ndiyo imepungua siku hizi.

Sasa wewe unasaidiaje? Mimi ukiniuliza nitasema kidogo kila mwezi, bila kukoma. Piga hesabu na mimi, watu 40 wakitoa elfu kumi kumi ni laki nne kila mwezi, na kwa shule ndogo ya Jumamosi hiyo ni mwalimu, nyuzi na kodi ya ukumbi. Milioni tano ya mara moja ni nzuri, ila mwaka ujao haipo na mwalimu bado anakula. Na hili tunaliweza, jamani, mbona kamati za harusi tunaziweza? Kuna grupu la WhatsApp, kuna ahadi, kuna mweka hazina anayekumbusha majina kila tarehe 25, watu wanatoa laki kwa ajili ya usiku mmoja. Utaratibu uleule, elfu kumi tu.

Ukitaka kumlipia mtoto ada, lipia sehemu, mzazi naye aachiwe hata elfu mbili yake, kwa uzoefu wangu mzazi anayetoa chochote ndiye anayemfuatilia mtoto. Na tafadhali usidai video ya mtoto akilia akieleza shida zake ndipo utoe. Mtoto yule kesho yuko shuleni na wenzake wameiona.

Ukitaka kutoa chombo, piga simu kwanza. Uliza wanakosa nini, chombo kinatumia umeme gani, nani atakityuni, na kama unakitoa nje ya nchi uliza ushuru na gharama za kukitoa bandarini mpaka Mwanza nani anabeba, maana kutoka Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja na chombo kinarukaruka kwenye gari njia nzima. Ukiweza weka na bahasha ya nyuzi za mwaka mzima ndani ya boksi. Wenye ujuzi nanyi mnahitajika, fundi umeme, mhasibu, seremala wa kubandika shingo ya gitaa iliyovunjika, hiyo nayo ni sadaka. Na wenye biashara mjue, sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambulika uondolewe kwenye hesabu ya kodi mpaka asilimia 2 ya mapato ya biashara, muulize mhasibu wako.

Kabla hujatoa angalia kama shule imesajiliwa, na namba ya kulipia ije na jina la shule, siyo jina la mtu. Omba uone daftari la matumizi. Shule iliyo sawa haikasiriki ukiomba, sisi letu liko mezani pale mlangoni na yeyote anafunua.

Kile kinanda kilichoungua kilikaa pembeni miezi mingi. Mwisho tukakipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Makoroboi, akakifungua, akakuta kilichoungua ni upande wa umeme tu, akaweka transfoma nyingine akatudai elfu thelathini na tano. Zilitoka kwenye zile elfu kumi kumi za mwezi ule, nyuzi za gitaa ikabidi zisubiri mwezi unaofuata. Kinalia sasa, isipokuwa kibonye kimoja cha upande wa kulia, watoto wameshazoea kukiruka.