Dakika Mbili Kasoro: Santuri ya Sun Nambari 209

Miaka sita iliyopita nilitapeliwa, mimi ninayejiita fundi wa santuri. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia sahani ndogo ya inchi 7 yenye lebo ya njano: jogoo, miale ya jua nyuma yake, na maandishi ya hudhurungi yanayosema Elvis Presley, "That's All Right", Sun 209, yaani sahani nambari 209 ya kampuni ya santuri ya Sun, Memphis. Bei ilikuwa ndogo mno kwa kitu halisi na kubwa mno kwa kitu feki, yaani ile bei hasa ya kumnasa mwenye tamaa. Ilipofika niliiinamisha chini ya taa ya mezani nikaitazama lebo kwa ubavu. Laini kama kisahani cha chai. Nikajua nimepigwa.

Nakala za 45 (yaani za mizunguko 45 kwa dakika) zilizotengenezwa Memphis enzi zile, kwenye kiwanda cha Plastic Products, huwa na vibonyeo vitatu vya duara juu ya lebo, alama zilizoachwa na mashine. Ukitazama moja kwa moja huvioni. Mpaka mwanga uje kwa upande, au upapase kwa kidole. Waghushi hupatia rangi, hupatia jogoo, hupatia hata noti za muziki zilizozunguka ukingo wa lebo, lakini vibonyeo huwashinda. Haki isemwe, nakala isiyo navyo si lazima iwe feki, maana Sun ilitumia viwanda zaidi ya kimoja. Yangu ilikuwa na aibu nyingine: herufi zake zilikuwa na ukungu kingoni, kama za lebo iliyopigwa picha kutoka lebo nyingine.

Sikuirudisha. Naitumia kufundishia vijana karakana, na jioni nikifunga kazi naipiga. Lebo ni ya uongo, lakini muziki uliomo mferejini ni ule ule.

Wateja wengi huniambia wanapenda santuri kwa sababu sauti yake "ni ya asili". Huwa sibishani na mteja. Ila kwa sahani hii utamu una sababu unazoweza kuzipima. Wimbo una dakika 1 na sekunde 57. Kwa kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, sahani inazunguka mara 88 hivi, basi. Mfereji ni mmoja tu kila upande, unaanzia ukingoni na kujiviringisha kuelekea katikati, na kwa mizunguko 88 fundi wa kuchonga hana haja ya kuubana. Anaachia nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, na penye nafasi sindano ya kuchonga inaweza kuyumba kwa nguvu bila kugonga mfereji wa jirani. Kuyumba kwa nguvu ndiyo sauti kubwa. Mwenye santuri ndefu ya dakika 20 kila upande hana anasa hiyo. Inambidi apunguze sauti ili nyimbo zote zienee.

Halafu kuna kasi yenyewe. Ukingoni mwa sahani ya 45 mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 40 kila sekunde, na hata ukikaribia lebo bado unapita kama sentimita 25. Kadiri unavyopita haraka, ndivyo herufi kama "s" na mlio wa nyuzi unavyopata urefu wa kutosha wa kuandikwa bila kubanana. Kwa hiyo gitaa la Scotty Moore linapokuja katikati ya wimbo linakuja safi, lina makali, wala halina ule mkwaruzo wa chakavu unaousikia mwisho wa santuri kubwa.

Mwaka jana kijana mmoja alileta mashine ya babu yake nimbadilishie mkanda. Nikaijaribu kwa hii 209. Ikapasuka-pasuka kama mafuta ya kukaangia.

"Mzee, hii si imeshakufa?"

"Haijafa. Bonyeza hicho kitufe cha mono."

Akabonyeza, na nusu ya zile kelele ikaondoka. Akanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe. Maelezo ni mepesi. Mwaka 1954 mfereji wa santuri ulibeba sauti moja, na sindano ilitakiwa iende kushoto na kulia tu. Santuri za stereo, zenye sauti mbili katika mfereji mmoja, zilipoanza kuuzwa, mwaka 1958, ndipo kupanda na kushuka kwa sindano kukapewa kazi. Mashine ya stereo inasoma kila mtikisiko, ukiwamo wa kupanda na kushuka, na katika sahani ya mono mtikisiko huo hauna muziki ndani yake, una vumbi na mikwaruzo. Kitufe cha mono kinaufuta. Ukiwa na uwezo, tafuta na sindano ya mono yenye ncha ya maikroni 25 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ile ya stereo ni ya maikroni 18 hivi, huzama chini zaidi mferejini na kuchota taka zilizolala humo.

Sasa muziki wenyewe. Tarehe 5 Julai 1954, kwenye chumba kidogo cha Sam Phillips, mwenye Sun, 706 Union Avenue, Memphis, waliingia watu watatu: Elvis, dereva wa lori wa miaka 19, na gitaa lake, Scotty Moore na gitaa la umeme, Bill Black na besi kubwa la kusimama. Mpiga ngoma hakuwapo. Walihangaika na nyimbo za polepole na hakuna kilichoshika. Wakati wa kupumzika Elvis akaanza kuuchezea kwa utani wimbo wa zamani wa bluzi, huu huu "That's All Right", Bill akadakia, Scotty akafuata. Phillips akachungulia kutoka chumba cha mitambo, akawauliza wanafanya nini, akawataka waanze upya ili arekodi.

Ukisikiliza kwa makini utaitambua kazi ya Bill Black. Anavuta uzi wa besi na kuuachia ugonge ubao, *taka-taka*, na huo mgongano ndio unaoziba nafasi ya ngoma. Mara ya kwanza nilipousikia wimbo huu redioni nilidhani kuna mtu anapiga brashi kwenye ngoma ndogo. Hakuna. Ni kiganja na ubao.

Sahani ina upande wa pili, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Sisi tuliolelewa na santuri za rumba tumezoea wimbo mmoja uliokatwa: unasikiliza sehemu ya kwanza, sauti inafifia gitaa ndiyo kwanza linachemka, unainuka kugeuza usikie sehemu ya pili. Kwa hiyo mkono wangu ulipoigeuza 209 mara ya kwanza ulitegemea mwendelezo. Nikakuta dunia nyingine. "Blue Moon of Kentucky" ni wimbo wa Bill Monroe, Mzungu wa Kentucky na baba wa blugrasi, aina ya muziki wa kantri, na yeye aliuimba kwa mwendo wa wolzi, mapigo matatu matatu, taratibu. Vijana hawa waliugeuza kuwa mapigo manne na kuukimbiza. Upande huu Phillips alitia mwangwi wake maarufu. Alikuwa na mashine za tepu za Ampex. Ya kwanza inarekodi. Sauti inapelekwa ya pili, ambayo kichwa chake cha kurekodi na kichwa cha kusomea vimeachana kidogo. Tepu inachukua kama sehemu ya saba au ya nane ya sekunde kuvuka pengo hilo, kisha sauti iliyochelewa inarudishwa na kuchanganywa na ile ya kwanza. Pengo dogo la chuma likakifanya chumba kidogo kisikike kama ukumbi mtupu wa shule.

Basi fikiria sahani hii ilivyokaa. Uso mmoja wimbo wa Arthur Crudup, Mweusi wa Mississippi. Uso wa pili wimbo wa Monroe. Wamepeana mgongo, kati yao kuna plastiki isiyofika hata milimita mbili. Ni wiki 7 tu zilikuwa zimepita tangu Mahakama Kuu ya Marekani iamue kwamba kutenganisha watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na Memphis yenyewe ilikuwa bado imetengwa kila kona. Mtangazaji Dewey Phillips (hana undugu na Sam) alipoupiga upande wa Crudup katika kipindi chake cha redio ya WHBQ, tena na tena usiku ule ule, wasikilizaji wakawa wanapiga simu. Elvis akaitwa studio. Dewey akamuuliza alisoma shule gani. Akajibu Humes. Hilo lilitosha: kwa kuwa shule zilikuwa zimegawanywa, kila mwenye redio mjini akajua kwamba aliyekuwa anaimba bluzi ni Mzungu. Swali la shule lilikuwa swali la rangi, limevishwa kanzu.

Monroe hakununa, au kama alinuna alijua kuficha. Septemba ya mwaka ule ule alirudi studio akaurekodi upya wimbo wake, safari hii akianza na wolzi kisha akichanganya mwendo kama wale vijana. Ukizipata sahani zote mbili zipige kwa kufuatana. Ni somo zuri kuliko maneno yangu.

Crudup yeye hadithi yake ni chungu. Jina lake limechapishwa kwenye lebo ya njano, kwenye mabano chini ya jina la wimbo, lakini alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai pesa za utunzi wake. Na kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa Elvis hawalijui. Crudup aliurekodi wimbo huo Chicago mwaka 1946, kwa RCA Victor. Machi 1949 kampuni hiyo ilipozindua santuri za mizunguko 45, zile za inchi 7 zenye tundu kubwa katikati, ilizipa kila aina ya muziki rangi yake ya plastiki: kantri kijani, klasiki nyekundu, na muziki wa Weusi rangi ya chungwa. Katika orodha ya rangi ya chungwa nambari ya kwanza kabisa ilikuwa 50-0000, na wimbo uliokuwa juu yake ni "That's All Right" wa Arthur Crudup. Novemba 1955 ni RCA hao hao waliomnunua Elvis kutoka Sun kwa dola 35,000, wakazitoa upya zile sahani zake za njano kwa lebo yao.

Kwa hiyo wateja wanaponiuliza kama bado naitafuta 209 halisi yenye vibonyeo vitatu, huwaambia ikija itakuja. Ninayoisaka usiku na mchana ni ile ya chungwa. Nimeiona kwenye picha tu, imeinuliwa dirishani, mwanga unapenya plastiki kama unavyopenya glasi ya juisi.