Nani Kakwambia Yesu Anataka Umchukie Mamako?

Kila baada ya Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito, zinaingia barua za vijana wanaotaka utawa, na haikosi moja yenye sentensi hii: "Nimeamua kuachana na familia yangu kwa ajili ya Kristo." Mwandishi anadhani hapo kajipatia alama. Mlezi wa miito, anayewapima wanaotaka kujiunga, hapo ndipo anapotia duara la kalamu nyekundu.

Andiko lao ni Luka 14:26: mtu akimjia Yesu "naye hamchukii baba yake, na mama yake", hawezi kuwa mwanafunzi wake. Jamani, lisomeni pamoja na Mathayo 10:37, ambapo kosa ni kuwapenda wazazi kuliko Bwana. Mwanzo 29 nayo inasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, kisha mstari unaofuata, kwa Kiebrania chake, unamwita Lea mwenye kuchukiwa. Aliwekwa nafasi ya pili, basi. Ingekuwa chuki yenyewe, Yesu asingemkabidhi mamake kwa mwanafunzi akiwa msalabani.

Lakini la tafsiri nalisamehe. Nisilolisamehe ni Korbani. Marko 7:9-13: mtu anawaambia wazazi kwamba kile ambacho kingewafaa kimeshakuwa wakfu kwa Mungu, na Yesu anawajia juu Mafarisayo na waandishi wanaolihalalisha hilo. Korbani ya leo ni kijana anayelipa kodi ya chumba Mikindani, karo ya mdogo wake na dawa za presha za mama. Januari anaingia malezi ya utawa. Februari mwenye nyumba anagonga mlango. Ukimuuliza, "Mungu atawatunza." Mungu alikuwa akiwatunza kwa mkono wake yeye!

Kwa hiyo hesabu kwanza, machozi ya kuagana baadaye. Andika kila shilingi unayopeleka nyumbani kwa mwezi, na mbele yake jina la atakayeibeba. Usiniandikie "ndugu zangu", andika jina. Huyo aambiwe, akubali, na aanze kulipa miezi 6 kabla hujaondoka. Mwezi wa kwanza hulipa kwa bashasha. Wa tatu ndipo visingizio huanza, na heri vianze ukiwa bado upo. Madeni yako nayo yaandike: mkopo wa simu, chama cha akiba, mkopo wa chuo wa HELB. Kanuni ya 644 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inakataza kumpokea novisi, yaani mtawa mwanafunzi, mwenye madeni asiyoweza kuyalipa, na "nilisahau" hatuiandiki kwenye fomu.

Wazazi nao wana lao. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara. Kidogo anachopata ni chake, na akimtumia mamake hakuna dhambi. Mtawa ni mwengine kabisa. Kwa kanuni ya 668, anachokipata kwa kazi yake ni cha shirika, hata kama ni sista mwalimu na akaunti ya mshahara ina jina lake. Mjomba anayempigia simu kuomba ada anampigia mtu asiye na mfuko. Mama akiugua sana, sista aende kwa mkuu wake mapema, asingoje simu ya usiku. Kanuni ya 665 inamruhusu mkuu wa juu, kwa ridhaa ya baraza lake na kwa sababu ya haki, kumpa ruhusa ya kukaa nje ya nyumba ya shirika hadi mwaka 1. Mengi ya haya yangejulikana mapema kama wazazi wangeitwa kabla ya nadhiri wakaelezwa, badala ya kuitwa siku ya pilau tu.

Wachungaji wenye wake nawapitia mbio: Petro alikuwa na mama mkwe, na 1 Wakorintho 9:5 inaonyesha alisafiri na mkewe. Kesha la kila Ijumaa huku watoto wako hawakuoni, kasome 1 Timotheo 3:5: asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu?

Penye ugumu kwangu ni mtoto wa pekee wa mjane. Elisha, alipoitwa na Eliya, aliruhusiwa kwenda kuwabusu wazazi wake. Yule wa Luka 9:61 aliyeomba kuwaaga watu wa nyumbani kwake alijibiwa habari za jembe: aliyelishika asitazame nyuma. Kwa kijana kama huyo huwa nasema asubiri mwaka. Wapo wasiorudi mwaka ukiisha, na sijui kama tulimwokoa mama au tuliuzima mwito.