Kutafuta neno "penda" kwenye riwaya

Semina yangu ya fasihi ilipohamia mtandaoni, nilikosea kwa kuihamisha kama ilivyo: saa mbili nzima naongea na miraba myeusi yenye majina. Siku hizi mihadhara nairekodi vipande vya dakika 10 hivi, kila mtu asikilize kwa nafasi yake. Tukikutana, tunasoma.

Chombo kilichonifaa kuliko vyote ni kile kinachowaruhusu wanafunzi wote kuandika maoni pambizoni mwa matini moja. Sharti langu: chagua sentensi moja, useme ni neno gani hasa limekukwamisha. "Nimeipenda hii" siikubali. Yule asiyefungua kinywa darasani utamkuta anabishana na wenzake watatu juu ya kiambishi "-ka-". Wakizidi 20 pambizo hufurika, basi nawagawa makundi ya watu 6 au 7.

Kisha kuna kuhesabu maneno kwa mashine. Hilo si jambo la jana: Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alimwendea mkuu wa IBM, kampuni ya mashine za kuchakata data, mwaka 1949 kuomba msaada wa kutengeneza faharasa ya maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13. Maneno zaidi ya milioni 10, yakianzia kwenye kadi zilizotobolewa. Kazi ikala miaka 30 hivi. Leo Voyant, programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari, inamaliza riwaya nzima kwa sekunde chache, na kasi hiyo ndiyo inayotuponza.

Mwanafunzi mmoja aliniletea wingu la maneno, yaani picha ambamo neno linalojirudia zaidi huandikwa kubwa zaidi, na humo "ya", "wa", "na" na "kwa" yamenona katikati. Orodha ya maneno ambayo programu huyapuuza katika kuhesabu ilikuwa ya Kiingereza! Tukaweka yetu. Akatafuta "penda", akalipata mara 3, akaandika kwamba riwaya ile ya mapenzi haina kupenda ndani yake.

Kwa mashine, neno ni herufi zilizokaa kati ya nafasi mbili. "Anapenda", "walipendana" na "hakumpenda" kwake ni maneno matatu yasiyojuana. Nikamwambia atafute "pend" popote ilipo. Wakaja wageni wasioalikwa: "pendekezo", "upendeleo". Na wenyeji wakakosekana, maana katika "mpenzi" na "mapenzi" ile "nd" imegeuka "nz". Kipindi cha fasihi kikawa cha mofolojia, elimu ya maumbo ya maneno, nami sikulalamika.

Ikabidi apepete kwa mkono. Alifungua safu inayoonyesha kila tokeo pamoja na maneno ya kushoto na kulia kwake, akapita mstari mmoja mmoja, akitupa na kubakiza. Ndipo akaona kitu ambacho mimi, niliyeifundisha riwaya hiyo mara kadhaa, sikuwahi kukigundua: maumbo ya kukanusha, "simpendi", "hanipendi", karibu yote yamo kinywani mwa mhusika mmoja, tena mdogo. Akarudi kumsoma upya huyo mhusika, sura kwa sura, bila programu yoyote.

Insha peke yake siku hizi hainiambii ni nani aliyeiandika. Kwa hiyo naomba iambatane na daftari la utafutaji: umetafuta nini, umetupa nini, kwa sababu gani. Alama 15 kati ya 40 zimo humo, na ukurasa ninaoanza nao ni ule wa vilivyotupwa.